Ufalme Ulikuwa Matungu: Stori ya Wawanga, Waluhya na Vile Tulisambaa Kila Kona

Swali ya haraka kabla hujaskroli: kati ya Nairobi na Mumias, ni wapi watu walizoea kusikia Kiswahili kwanza?

Ukisema Nai, umekosa, pole. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Saa hiyo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilikuwa imeshapiga kambi Mumias miaka kibao, inabadilisha nguo, shanga na bunduki kwa pembe za ndovu. Na kulikuwa na mfalme wa kuwakaribisha. Alikuwa na kiti, washauri, wapiganaji, na ukoo wa kifalme ambao makaburi yake yako Matungu hadi leo.

Matungu, msee. Ile ya Kakamega, yenye ukiitaja Nai mtu anakuuliza, "Hiyo ni wapi sasa?"

Mimi ni wa huko. Niliacha college mwaka wa pili karo ilipokauka, nikarudi ocha kujipanga. Jioni moja kuka, yaani babu yangu, akaniuliza swali simpo: "Ukoo wetu ulitoka wapi?" Nilikuwa najua kikosi chote cha Arsenal na namba za jezi. Ukoo wangu nilijua jina tu. Kuka hakunigombeza. Aliguna, akaangalia kando, na hiyo ilinichoma kuliko matusi.

So nikaanza kuuliza na kusoma. Cheki vile nilipata.

Kwanza, Wawanga ni akina nani?

Waluhya si kabila moja lenye lilianguka kutoka juu likiwa limekamilika. Ni jamii zaidi ya 15 zenye lugha za karibu: Wabukusu, Wamaragoli, Waidakho, Waisukha, Wakabras, Wamarama, Wanyore, Wasamia na wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu Waluhya milioni 6.8, wa pili kwa wingi Kenya baada ya Wakikuyu.

Ndani ya hiyo familia kubwa kuna Wawanga, watu wa Mumias na Matungu, kando ya mto Nzoia. Kitu inawatofautisha ni kwamba majirani wengi walitawaliwa na wazee wa koo, lakini Wawanga walikuwa na mfalme. Cheo chake kinaitwa Nabongo, na kinatoka kwa ukoo mmoja, Abashitsetse. Kabla ya ukoloni, ufalme wa kurithiana wa aina hiyo ulikuwa kitu adimu sana kwenye ardhi yenye leo tunaita Kenya.

Jamaa mwenye alificha bangili

Ufalme ulianzaje? Hapa tunategemea masimulizi ya wazee, yenye mwanahistoria Gideon Were alizunguka Magharibi akikusanya hadi akatoa kitabu chake kuhusu Waluhya 1967. Wengine wanaanza safari Misri, wengine wanaanzia upande wa Buganda. Stori inabadilika kidogo kutoka boma hadi boma, lakini mifupa yake ni hii.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Wanga. Familia yake ilikuwa imetua Tiriki. Akakosana na ndugu yake, akahepa na kushika njia hadi upande wa Matungu. Huko alipata ukoo mwingine ukiwa na mkubwa wao, Muima. Wanga hakufika akipiga kifua. Aliomba pa kulala, akafanya kazi za mkono kama mgeni yeyote.

Lakini mkononi alikuwa na bangili ya shaba, alama ya utawala, na alikuwa ameifunika. Siku moja siri ikatoka. Kwa watu wa hiyo enzi, hiyo bangili haikuwa luku. Kuiona kwa mkono wa kibarua wako ilimaanisha umekuwa ukimtuma mfalme kazi za shamba. Muima akashtuka na kumwachia nafasi. Kutoka hapo jina la jamaa likawa jina la watu.

Kama kila kitu kilienda hivyo ama hakikuenda, wacha wanahistoria wabishane. Mimi nilibaki na moja: stori ya kuanzishwa kwetu ni ya mhamiaji. Msee mwenye alifika mahali hajulikani, akashika kibarua, na alichobeba kutoka nyumbani akakificha hadi siku yake. Kama umewahi kufika Nai na begi moja na namba ya binamu, hiyo stori unaielewa bila kufafanuliwa.

Kwa Shiundu

Songa mbele hadi karne ya 19. Nabongo ni Shiundu. Wafanyabiashara wa Pwani wanafika kwake wakitafuta pembe, na pia watumwa, hiyo tusifiche. Kijiji chake kinajulikana njia yote hadi Mombasa. Mzungu Joseph Thomson alipopita hapo 1883, aliandika jina "Kwa Sundu". Shiundu mwenyewe alikuwa ashafariki, na kwenye kiti alikuwa mtoto wake, Mumia.

Ndio, Mumias ni "Mumia's", mahali pa Mumia. Jina la zamani la hapo ni Elureko.

Miaka miwili baadaye, 1885, Askofu James Hannington akapita hapo akielekea Uganda. Aliachana na nyumba ya Mumia akiwa mzima, akaenda kuuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mumias ilikuwa kituo cha mwisho cha usalama kwenye hiyo njia.

Pwani haikuleta bidhaa pekee. Ilileta Uislamu, na Mumia mwenyewe akaukubali. Ndio maana leo ukitembea Mumias unasikia adhana, na utapata Mwanga anaitwa Rajab ama Athman na hajawahi kuona bahari. Na ilileta Kiswahili, hii lugha yenye mimi na wewe tunaivuruga saa hii.

Mumia na Waingereza: hapa kuna ngori

Sasa ile sehemu yenye wengine hawapendi kusikia.

Waingereza walipokuja miaka ya 1890, Mumia hakuwapiga mishale. Aliwakaribisha vile baba yake alikaribisha Waswahili. C. W. Hobley akaweka ofisi hapo, na Mumias ikawa makao ya serikali ya kikoloni kwa eneo lote la North Kavirondo. Kwa Mumia hesabu ilikuwa rahisi: huyu mgeni ana bunduki, na mimi nina maadui.

1895 Wabukusu walikataa kuinama. Wakajifungia kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe, na Waingereza wakawavamia wakiwa na askari Wasudani na washirika wa Kiafrika. Wawanga walikuwa kwa hao washirika. Wabukusu walichinjwa vibaya Chetambe. Enda Webuye uulize wazee. Hawajasahau.

1909 Waingereza wakampa Mumia cheo cha chifu mkuu wa North Kavirondo nzima. Ndugu zake wa kambo wakapewa maeneo ya wenyewe: Mulama akasimamia Wamarama, Murunga akatumwa kaskazini kwa Wabukusu. Jiweke kwa viatu vya Mbukusu wa hiyo siku. Unalipa kodi ya mkoloni, na mwenye anakuja kuikusanya ni Mwanga, jirani yako, kwa jina la mfalme hujawahi kumtambua. Utampenda?

Ndio maana hadi leo, mtu akisema "mfalme wa Waluhya", kuna Mluhya mahali ananuna. Nabongo alikuwa mfalme wa Wawanga. Cheo cha kutawala wengine wote kilikuwa cha karatasi, na karatasi ilikuwa ya mkoloni.

Na mkoloni akishamaliza kukutumia, anakutupa. Reli ilifika Kisumu 1901, na mizigo yenye ilikuwa inapitia kwa Mumia ikaanza kushukia ziwani. 1902 Waingereza wakahamisha mpaka: eneo letu lilikuwa sehemu ya Uganda, likatolewa na kuwekwa upande wa Kenya. Wasamia wakajipata nusu huku nusu kule, na Wabukusu wakatengwa na ndugu zao Wagisu wa Mlima Elgon. Hakuna mtu aliulizwa. 1920 ofisi kuu ikahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. 1926 Mumia akastaafishwa. Alikufa 1949, mzee sana, mfalme wa kukumbukwa tu.

Jina lenye tulijipa wenyewe

Hii ndio kitu ilinishangaza kuliko zote. Jina "Abaluhya" si la kale. Lilishika miaka ya 1930, wakati vijana wenye walikuwa wamesoma kwa shule za wamisheni, kwenye chama cha North Kavirondo Central Association, walichoka kuitwa "Bantu Kavirondo". Walitafuta jina ambalo Mmaragoli, Mbukusu na Mwanga wote wangeweza kusimama chini yake.

Walichagua neno la moto. Oluhya ni ule uwanja wa ukoo wenye wazee walikuwa wanawasha moto asubuhi, wanaota, wanasikiza kesi na kupanga mambo. Kwa hivyo Waluhya ni "watu wa moto mmoja".

Na zile kelele za kukataa machifu wa Kiwanga zilisaidia kulisukuma hilo jina. Watu walikuwa wanasema: tunaweza kuwa kitu kimoja bila kuwa chini ya mtu mmoja. Mfalme alishindwa kuwaunganisha kwa nguvu ya bunduki ya mkopo. Jina liliwaunganisha bila bunduki.

Kutawanyika

Sasa kwa nini tuko kila mahali?

Kodi ilianza. Mkoloni alitaka pesa taslimu, na pesa ilikuwa kwa mashamba ya wazungu, kwa reli na kwa nyumba za watu Nairobi. Vita ya Kwanza ya Dunia ikabeba maelfu ya wanaume wa Magharibi kwenda kubebea jeshi mizigo Tanganyika. Hao wabeba mizigo ndio walipatia mtaa wa Kariokor jina, kutoka Carrier Corps. Wengi hawakurudi. Baada ya uhuru, familia nyingi zilihamia Trans Nzoia kununua mashamba yenye wazungu waliacha. Wengine wakajaza Kangemi na Kawangware, mahali ukipiga "mulembe!" kwa stage unaitikiwa na watu watano.

Matungu yenyewe ilibaki na miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga 1973, na kwa miaka kadhaa miwa ndio ilikuwa karo, mabati na mahari. 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu baada ya madeni kuilemea. Ukiwa kijana wa Matungu hiyo miaka, hukuhitaji mtu wa uchumi akueleze. Uliona trela za miwa zikipungua na mabasi ya usiku yakijaa.

Na sahi basi haliishii Nai. Dem wa ujirani yuko Saudia anafanya kazi ya nyumba. Mwingine yuko Qatar, anasimama mlangoni na sare ya ulinzi. Mwenye alibahatika kusoma uuguzi yuko Marekani ama Uingereza. Benki Kuu inasema Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka wa 2024. Kwa hiyo hesabu kuna doh ya mabati ya Matungu pia.

Wabaski: watu wenye walipitia hii kitu kitambo

Hapa twende mbali kidogo, lakini kwa njia unaijua: boli.

Umewahi kuona Athletic Bilbao? Jezi nyekundu na nyeupe, timu ya Iñaki na Nico Williams. Timu ilianza 1898 na haijawahi kushuka daraja Uhispania. Wengine wenye wanaweza kusema hivyo ni Real Madrid na Barcelona pekee. Na Bilbao wanafanya hivyo wakichezesha Wabaski tu, ama wachezaji wenye wamelelewa kisoka kwenye ardhi ya Wabaski.

Wabaski ni akina nani? Ni watu wenye nchi yao imekatwa na mpaka wa Uhispania na Ufaransa, kama Wasamia walivyokatwa. Lugha yao, Euskara, haina ndugu inayejulikana duniani. Ilikuwa hapo kabla Warumi walete Kilatini. 1937 mji wao wa Guernica ulilipuliwa na ndege za Ujerumani na Italia zikimsaidia Jenerali Franco, na Franco aliposhika nchi, Euskara ikafukuzwa shuleni na ofisini.

Na wao pia walisambaa. Huyo nahodha mwenye alimaliza safari ya kwanza ya kuzunguka dunia 1522, Juan Sebastián Elcano, alikuwa Mbaski. Walienda Argentina, Uruguay na Chile, wakaenda kuchunga kondoo Nevada na Idaho kule Marekani. Hata Guevara, jina la Che, ni la Kibaski.

Wakifika huko walifanya nini? Walijenga nyumba. Si za kulala, nyumba za jamii, wanaziita euskal etxea. Mahali pa kula chakula chao, kucheza ngoma zao na kufundisha watoto Euskara. Mji wa Boise, Idaho, uko na mtaa mzima wa Wabaski katikati ya mji. Ni uwanja wa moto, yaani oluhya, kwenye nchi ya watu.

Na angalia hao ndugu wawili Williams. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka Sahara kwa miguu kutafuta maisha. Watoto walizaliwa na kulelewa huko, na leo ndio sura ya timu ya Wabaski. 2024 walibeba Copa del Rey, ya kwanza baada ya miaka 40. Wabaski hawakuuliza damu ya nani. Waliuliza umelelewa kwa moto gani.

Ingwe ndio Bilbao yetu

Sisi pia tulijenga nyumba. Ilikuwa timu.

1964, Waluhya wa Nairobi walianzisha klabu ya Abaluhya. Jumapili msee wa Kangemi, mwenye wiki nzima ameitwa "boi" kwa nyumba ya mtu, alienda uwanjani akasikia isukuti na akaongea lugha yake kwa sauti. 1980, serikali ilipoamuru klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina likabadilika, watu wakabaki. Ingwe ni chui kwa Kiluhya. Walibeba kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tano: 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997.

Mmoja wa wachezaji wa Ingwe alikuwa Noah Wanyama. Mtoto wake McDonald Mariga alikuwa kikosini Inter Milan ilipobeba Ligi ya Mabingwa 2010. Mtoto wake mwingine, Victor, aliifunga Barcelona akiwa Celtic 2012, na 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kutoka Ingwe ya baba hadi Glasgow, London na Montreal. Ukitaka kuchora ramani ya vile tulisambaa, hiyo familia moja inatosha.

Lakini Ingwe haijashinda ligi tangu 1998. Na isukuti ya Waisukha na Waidakho, ile ngoma ya uwanjani, UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya vitu vinahitaji kuokolewa haraka. Soma hiyo tena. Ngoma yenye unadhani iko tu, iko kwa orodha ya wagonjwa mahututi.

Sasa wewe?

Nataka tuambiane ukweli. Sisi tunarudishana nyumbani vizuri sana tukiwa tumekufa. Msee akifariki Nai ama Dubai, grupu la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, michango inaanza, maiti inafika ocha, ng'ombe anaanguka. Hapo hatuna mpinzani.

Ni tukiwa hai ndio tunaachana. Mtoi amezaliwa Kawangware, anajua "mulembe" na amemaliza. Hajui ukoo wa mamake. Hakuna Franco alimkataza. Hakuna mtu alilipua kijiji chake. Lugha inatoka tu polepole, kama data ya bandol yenye hukuona ikitumika.

Wabaski wananifundisha kitu moja: ufalme unaweza kuanguka, serikali inaweza kuwa ya wengine, mpaka unaweza kupita katikati ya boma lenu, na bado mkabaki watu. Lakini lazima mtu awashe moto. Hauwaki wenyewe.

Na hii si ya Waluhya pekee. Kama wewe ni Mkamba, Mpokomo, Mteso ama Mtaita, badilisha majina tu, stori ni ile ile. Na si lazima uchukie jirani ndio upende kwenu. Chetambe inatukumbusha vile hiyo njia inaishia.

Mimi nilirudi kwa kuka na majibu. Nikamwambia stori ya Wanga, bangili na Muima. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaanza kunirekebisha. Hapa umekosea, pale umeruka, huyu hakuwa ndugu wa huyu. Tulikaa hadi saa tano usiku. Nilirekodi kwa simu, masaa mawili na nusu, na jogoo mmoja mwenye alichanganyikiwa akiwika katikati.

Hiyo rekodi ndio kitu ya maana zaidi iko kwa simu yangu sahi.

So kama kuka ama kukhu wako bado yuko, mpigie leo. Usimuulize afya pekee. Muulize: "Ukoo wetu ulitoka wapi?" Halafu bonyeza rekodi, na unyamaze.

Mulembe.